Injini Iliyopakwa Rangi

Honorine ndiye aliyesema lori lipelekwe kwenye gereji ya kampuni. Mumewe, Théodore, alikuwa amekwisha kusikilizana na fundi mmoja wa mtaani kwao Tshopo, mzee aliyefungua injini chini ya mabati yaliyotoboka na kuzifunga tena bila kubakiza nati. Ugonjwa wenyewe haukuwa mkubwa. Pampu ya mafuta ilivuja, na lori lilipopanda kilima na mzigo lilitoa moshi na kuishiwa nguvu. Lakini Honorine alikuwa na mdogo wake, Désiré, fundi katika gereji kubwa ya katikati ya mji, hiyo hiyo iliyoyauza malori ya aina ile Kisangani nzima, na hakuona sababu ya kumwacha ndugu wa damu na kumfuata mtu baki.

"Kamio ndiyo tumbo letu," alimwambia mumewe kuhusu lori. "Unapeleka tumbo kwa nganga wa barabarani, na daktari iko? Tena daktari mwenyewe ni mutoto wa mama yangu."

Théodore hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwendeshea Mgiriki mmoja miaka chungu nzima, na Mgiriki alipofunga duka akarudi kwao, alimwachia lori badala ya mishahara aliyokuwa hajamlipa. Tangu hapo alipakia mpunga na ndizi za akina mama wa Banalia, akarudi na chumvi, sabuni na vitambaa. Alimtazama mkewe, akajikuna kidevu.

"Bon," alisema. "Twende kwa semeki."

Semeki, yaani shemeji, aliwapokea getini siku hiyo kwa furaha, akawaingiza ndani, kisha akaitwa kazini. Wao waliachwa kwenye benchi. Karani alipowauliza kama walikuwa na miadi, Théodore alisema hapana, na karani akarudi kwenye magazeti yake. Bwana mmoja aliyevaa abakosi, koti la wakubwa lisilovaliwa na tai, na beji ya chama kifuani, aliingia nyuma yao akaletewa kahawa. Jua lilikuwa limepanda sana karani alipoinua kichwa tena, na alichosema ni kwamba mama aondoe kikapu chake juu ya vigae, kinachafua.

Mkuu wa karakana alikuja baadaye. Kwenye sare yake palishonwa jina la mababu, kama serikali ilivyoamuru kila mtu aitwe, ila mafundi wote walimwita Timothée.

"Citoyen, hii moteri umeitesa," alisema, akimwita mwananchi kwa desturi ya siku hizo, na akiwa hajafungua hata boneti. "Lakini iko nzuri. Iko nzuri sana. Acha ufunguo. Rudi siku ya lundi."

Walirudi Jumatatu wakaambiwa Jumatatu ijayo. Ijayo ilipofika, kipuri kilikuwa kimekwama Kinshasa. Ilipofika nyingine, Timothée alikuwa na wageni. Honorine aliuza cherehani yake kwa jirani ili walipe nusu ya gharama mapema, kwa kuwa karani alisema wanaolipa mapema ndio wanaotangulia.

Siku walipoitwa kulichukua, lori lilikuwa limeoshwa. Injini nzima ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu, inang'aa kama sufuria mpya. Honorine alifurahi mpaka akacheka peke yake. Théodore alipiga magoti, akaingia chini. Zamani kisiki kilikuwa kimelitoboa karteri, lile bakuli la chuma linaloshika mafuta chini ya injini, na mhunzi wa Banalia alikuwa amelitia kiraka cha shaba. Théodore alitoka chini akajifuta mikono.

"Kiraka changu kiko wapi?"

"Tumekutilia karteri mupya," Timothée alisema. "Mutu analalamika juu amepewa kipya?"

Mafundi walicheka. Théodore naye alitabasamu, kama mtu anayetabasamu asionekane mshamba, akatia sahihi yake mahali alipoonyeshwa. Kule mwisho wa karakana Désiré alikuwa ameinamia kazi yake. Hakuja kuwaaga. Honorine alijisemea kwamba kazi imembana.

* * *

Injini ile ilianza kugonga kabla mwezi haujaandama. Mlio ulitoka ndani kabisa, kama mtu anayepiga ukuta kwa kifundo cha kidole. Théodore alilirudisha lori, na Timothée akasema ni mazuti, dizeli chafu wanayonunua barabarani. Walimsafishia vitu fulani, wakamlipisha. Mara ya pili maji yalikutwa ndani ya mafuta ya injini. Timothée akasema dereva ameiacha ichemke.

"Sijawahi kuchemsha moteri hata siku moja," Théodore alisema. "Uliza Banalia yote."

"Banalia iko na diplome ya mécanique?"

Wakamlipisha tena. Sasa hata fedha za kununulia mpunga zilikuwa zimeliwa, na Théodore alikwenda Banalia kubeba mizigo ya watu tu. Aliporudi, kwenye kilima kimoja katikati ya msitu, injini ilipiga kelele moja kubwa ikagandamana. Akina mama waliokuwa wamekaa juu ya mizigo yao walilala njiani hadi mvua ilipowakuta. Ndizi ziliiva, zikapasuka, zikaanza kunuka. Mama mmoja, mjane aliyekuwa amekopa mtaji wake wote, hakumtukana Théodore. Alikaa chini kando ya barabara akawa anazichambua ndizi zake moja moja, akitenga zile ambazo huenda zikauzika, na Théodore alimwambia mkewe baadaye kwamba heri angemtukana.

Lori lilivutwa kwa kamba mpaka mjini. Gereji ilikataa kulifungulia geti. Karani alisema dhamana imekwisha, na kwamba dereva ndiye aliyeua injini. Wakalisukuma hadi uani kwao, na kuku wakaanza kulala juu ya bodi.

Wakati huo wote Désiré hakuonekana. Zamani kila Jumapili baada ya misa alikuja kula lituma ya dada yake, ile ya ndizi zilizotwangwa, akasifu na kuomba nyingine. Sasa Honorine alituma watu, na jibu lilikuwa kwamba mkewe, Claudine, ana mimba nzito, hawezi kumwacha.

* * *

Ilikuwa alasiri. Honorine alikuwa akitwanga ndizi uani, na Théodore amelala ndani kwenye mkeka, kama alivyozoea kulala siku hizo hata kukiwa na mwanga. Nyumba yao ilikuwa karibu na barabara ya Buta, jirani na daraja la mto Tshopo, na miaka yote Honorine alizoea kuinjika chungu mara anaposikia lori la mumewe likiliacha daraja. Injini ile ilikuwa na kilema chake. Gia ilipobadilishwa kwa kupanda, sauti ilikatika kidogo, kama mtu anayemeza mate, kisha ikashika tena. Malori mengine ya aina ile hayakuwa na jambo hilo.

Akaisikia. Akasimamisha mchi.

Alipogeuka alimwona Théodore mlangoni, kifua wazi, macho yamemtoka. Walitoka wote wawili hadi barabarani, na mbele yao likapita lori la kichwa cheupe, turubai jipya, magunia ya kahawa yamepangwa mpaka juu. Kila mtu mjini alimjua mwenye lori lile. Alikuwa mmoja wa wakubwa wa chama katika mkoa, aliyenunua kahawa Isiro na hakusimamishwa kwenye kizuizi chochote.

"Ile moteri ni yetu," Honorine alisema.

"Nyamaza," Théodore alimwambia kwa sauti ya chini. "Kuko batu."

Jioni ile alivaa shati akaenda bandarini, mahali lori liliposhusha magunia. Aliangusha sarafu makusudi karibu na gurudumu, akainama kuiokota. Aliporudi nyumbani alikaa, ameukunja mkono wake wa kulia ndani ya ule wa kushoto.

"Nimekigusa," alisema. "Kiraka cha shaba. Nimekigusa na kidole."

* * *

Honorine alikwenda kwa Désiré peke yake. Nyumba yao ilikuwa na chumba kimoja huko Mangobo, na Claudine alikuwa kitandani amevimba miguu, tumbo limemfika kidevuni. Désiré alipomwona dada yake akiingia bila salamu, alijua.

"Yaya, usiniangalie hivi," alisema, akimwita kama dada mkubwa aitwavyo.

"Niambie weye mwenyewe. Nisiambiwe na moteri."

Désiré alikaa chini sakafuni. Alisema injini ya mkubwa ilikuwa imekufa, na nchi nzima haikuwa na nyingine. Timothée alikuwa ameizunguka ile ya Théodore siku ya kwanza tu, akasema hii inafaa, mwenyewe ni mutu wa kilima, mshamba, hatajua. Nyingine iliyochoka ikatolewa nyuma ya ghala, ikapakwa rangi.

"Na nani alifungua ya bwana yangu?"

"Mimi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Balinipa amri, yaya. Kama si mimi, ni mwingine."

"Ulikula lituma yangu Jumapili iliyofuata."

"Nilikula."

Claudine alianza kulia polepole, akitazama ukuta. Honorine alisimama pale, mkoba umebanwa kwapani. Alikuwa amekuja na matusi tayari mdomoni, lakini yalikuwa yamechanganyikana na picha ya Désiré mtoto, aliyembeba mgongoni tangu mama yao alipofariki, na hayakutoka.

"Yaya," Désiré alisema hatimaye, "kama papa Théo atakwenda mbele ya directeur, na baniite, nitasema kweli. Siwezi kukataa mbele yako."

"Hapana," Claudine alisema kutoka kitandani. "Désiré, umesahau Zéphirin?"

Ndipo Honorine alipoambiwa habari ya Zéphirin. Alikuwa mlinzi wa ghala. Alitamka kwenye baa, mbele ya watu, kwamba vipuri vya wateja vinaishia kwenye magari ya mkubwa. Walikuja watu wawili wapole wakamwomba awafuate kwa maswali machache. Alirudi baada ya majira ya mvua kupita, hana meno ya mbele, na mpaka leo mtu akimsalimia kwa nyuma anajikojolea.

"Usiogope," Désiré alimwambia mkewe, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. "Nitasema."

Njiani Honorine alifikiri jinsi atakavyomweleza mumewe. Alipofika alimweleza yote, ila la Zéphirin hakulitamka. Théodore alisikiliza hadi mwisho. Uso wake ulifunguka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu ndizi zile kuoza barabarani.

"Semeki atasema? Mbele ya directeur?"

"Amesema atasema."

"Alors, yeye bado ni mutu," Théodore alisema, na akamwita binti yao Georgette aje ampigie shati pasi.

* * *

Ofisi ya mkurugenzi ilikuwa na mashine ya hewa baridi na kapeti. Mkurugenzi alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, amefunga abakosi mpaka shingoni. Timothée alisimama nyuma yake. Pembeni, karibu na dirisha, alikaa mtu mwingine mwenye miwani nyeusi. Hakutajwa jina wala cheo, na hakuna aliyeuliza.

"Citoyen Bolamba," mkurugenzi alisema, akitumia jina ambalo Théodore alilisikia ofisini tu, "unasema kamio ya mukubwa inatembea na moteri yako. Ni maneno ya uzito. Ulijuaje?"

"Bibi yangu alitambua sauti."

Timothée alicheka puani. Mkurugenzi hakucheka. Alimgeukia Honorine taratibu, akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kwenye kandambili.

"Mama anatambua moteri kwa sikio, kama mbwa?"

"Iko mutu mwenye alifungua moteri," Théodore alisema. "Iko kazi kwenu. Mumuite, mumuulize. Mimi sitaki ugomvi. Nataka kitu yangu."

Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa, kwa upole, kana kwamba hilo ndilo alilolitaka. Désiré akaitwa. Aliingia na ovaroli yake, mikono myeusi kwa grisi, akasimama nje ya kapeti ili asilichafue. Alikuwa amenyoa ndevu. Kwenye kidevu palikuwa na mkwaruzo mbichi.

"Wewe ulifanya kazi juu ya kamio ya huyu citoyen," mkurugenzi alisema. "Sema bila woga. Moteri yenye ulimurudishia, ilikuwa yake?"

Yule mtu wa dirishani alivua miwani. Alikuwa kijana zaidi kuliko Honorine alivyodhani, na macho yake yalikuwa mazuri, yenye kope ndefu. Alimtazama Désiré kama anayetaka kuikumbuka sura yake.

Désiré aliliona hilo. Alimeza mate. Kisha akainua uso kumtazama dada yake, na Honorine akajua, bila shaka hata chembe, kwamba atasema.

"Chef," Désiré alianza, "ile moteri—"

"Nimekosea," Honorine alisema.

Alikuwa amekwisha kusimama, wala hakumbuki aliinukaje. Alimtazama mkurugenzi peke yake. "Ni masikio yangu. Nilikuwa na homa siku ile. Nilimusumbua bwana yangu bure, hakuna kitu. Huyu mutoto mumuache arudi kwa kazi."

Mkurugenzi alimgeukia Théodore.

"Na weye, citoyen? Mama amekosea?"

Théodore alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Aliizungusha ukingo mzima, polepole, mpaka vidole vikarudi mahali vilipoanzia.

"Kama mama anasema amekosea," alisema, "basi amekosea."

Mtu wa dirishani alivaa miwani yake. Mkurugenzi alisema mambo hayo hutokea, na kwamba haingekuwa vibaya kumwomba msamaha mkuu wa karakana, ambaye jina lake lilikuwa limechafuliwa. Théodore alisimama akasema pardon, kama mtoto wa shule. Timothée alimwambia arudie, hakusikia. Akarudia. Kisha ikawa zamu ya Honorine. Désiré alisimama pale pale nje ya kapeti, mikono inaning'inia, mpaka alipoambiwa anaweza kwenda.

* * *

Walirudi nyumbani kwa miguu, Théodore mbele, Honorine nyuma. Théodore hakumgombeza siku hiyo wala siku iliyofuata. Alikula alichopikiwa, akashukuru, akalala akiutazama ukuta. Honorine alingoja aulize. Alikuwa amejiandaa kumweleza habari ya Zéphirin na mtu mwenye kope ndefu, lakini haelezwi asiyeuliza, na kila siku iliyopita ilifanya maneno kuwa magumu zaidi.

Mabaki ya lori yalinunuliwa na Assumani, mfanyabiashara wa Maniema, aliyetaka magurudumu na bodi. Alikuwa mtu mwenye huruma. Alimpa Théodore kazi ya kuendesha lori lake moja kuukuu la njia ya Banalia, kwa sharti kwamba ufunguo urudishwe kwake kila akifika. Georgette aliacha shule ya masista, akawa anauza kwanga, ile mikate ya muhogo, sokoni na sinia kichwani. Mteja wake wa kwanza alikuwa mwalimu wake mwenyewe. Alinunua kwanga mbili na hakuchukua chenji.

Désiré alipandishwa cheo. Habari hiyo Honorine aliipata kwa majirani. Walisema sasa yeye ni mkuu wa zamu, ana ovaroli mbili. Hakuja kumwambia dada yake, na Jumapili zikapita. Nyakati fulani Honorine alijiuliza kama cheo kile ni malipo ya neno ambalo Désiré hakulisema au lile alilolisema yeye.

Claudine alijifungua mtoto wa kike. Siku ya arobaini ilipopita, Jumapili moja adhuhuri, Désiré alikuja. Alisimama kwenye uzio na samaki aliyefungwa kwa majani mkononi, hakuthubutu kuingia. Théodore alikuwa ametoka safari asubuhi ile, anakula. Alimwona kwanza.

"Ingia, semeki. Kiti kiko."

Désiré aliingia akakaa kwenye ncha ya kiti. Alisema mtoto ni mzima, na nyumbani wanamwita Honorine. Honorine alipokea samaki akamwekea lituma kwenye sahani. Désiré alikula matonge machache. Halafu akaacha.

"Papa Théo," alisema, bila kuinua macho, "siku ile ningelisema."

"Najua."

"Nilikuwa nimefungua mudomo."

"Nilikuona. Na nilimuona ule wa dirishani." Théodore alisogeza sahani kumwelekea. "Ndiyo maana nilinyamaza. Kula."

Désiré alikula, machozi yakimdondokea, na hakuna aliyemsemesha mpaka alipomaliza. Alipoaga, Théodore alimsindikiza hadi barabarani, akampa mkono.

Honorine alikuwa amekaa karibu na jiko alipomwona mumewe akirudi.

"Kumbe ulinyamaza kwa ajili yake," alisema. "Mimi miezi yote nilifikiri ni hasira."

"Hasira iko." Théodore alikaa kwenye kiti alichokiacha Désiré. Alizungumza bila kupandisha sauti. "Siyo ya kamio. Kamio ni chuma."

"Ya nini, basi?"

Kuku alipita kati yao akidonoa makombo.

"Mule ofisini ulisimama ukasema, na hukuniangalia. Hata kidogo. Ulifikiri nikipewa kuchagua, nitachagua kamio." Alimtazama. "Ungeniangalia tu, Honorine. Ningekuambia, sema."

Honorine alitaka kumwambia kwamba hapakuwa na nafasi, kwamba lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Lakini alikumbuka vizuri kapeti lile, na jinsi alivyomgeuzia mumewe bega, na akajua kwamba nafasi ilikuwapo. Aliogopa kutazama. Aliogopa atakachokiona.

Théodore alinawa mikono, akauchukua mezani ufunguo wa Assumani, akatoka kwenda kuurudisha.